Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Sauti na Nguvu katika Bomba la Moshi la Pikipiki Mjini Matuu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna bomba la moshi la pikipiki linavyofanya kazi, na kuchunguza imani iliyoenea miongoni mwa waendeshaji wa bodaboda kwamba bomba lenye kelele nyingi huipa injini nguvu zaidi. Mji wa Matuu katika Kaunti ya Machakos umechukuliwa kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba kelele na nguvu ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa, na kwamba fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kupunguza kelele bila kuidhoofisha injini, mradi azingatie kanuni chache za fizikia. Aidha, makala yanagusia suala la istilahi, kwa kuwa maarifa yasiyo na jina katika lugha ya mtumiaji ni vigumu kumfikia.

1.0 Utangulizi

Neno pikipiki ni tanakali ya sauti iliyogeuka kuwa nomino. Chombo hiki kilijitambulisha kwa masikio, na lugha ikakipa jina kwa kuiga mlio wa bomba lake. Ndivyo ilivyo pia kwa neno tukutuku, ambalo limetumiwa kwa maana iyo hiyo. Mlio unaosikika katika majina hayo ni wa mapigo yanayohesabika: piki, piki, piki. Ni mapigo ya injini ndogo ambayo moshi wake umepitishwa katika chombo cha kuutuliza kabla ya kutoka nje. Anayesimama leo kando ya barabara kuu mjini Matuu jioni atasikia mlio mwingine mara kwa mara, mlio mkali usiogawanyika katika mapigo, ambao huenda hakuna mtunga jina angeuita pikipiki.

Matuu ni mji wa soko katika eneo la Yatta, kando ya barabara itokayo Thika kuelekea Mwingi na Garissa. Mashamba ya sehemu hizo yamenufaika na mfereji wa Yatta uliochimbwa katika miaka ya 1950, enzi ya Hali ya Hatari, kwa nguvu za watu waliokuwa kizuizini. Mazao hayo hayana budi kufika barabarani, na njia za kutoka mashambani nyingi ni za udongo. Pikipiki ndiyo iliyoziba pengo hilo. Kufikia mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa pikipiki zenye injini chini ya sentimita 250 za ujazo, na tangu hapo bodaboda, ambayo asili yake ni baiskeli za abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda, imekuwa ajira ya vijana wengi katika miji ya aina ya Matuu.

Pamoja na ajira hiyo ilikuja tabia ya kurekebisha bomba la moshi. Wapo wanaotoboa mtungi wa nyuma. Wapo wanaoukata kwa grainda, wakang'oa viwambo vya ndani na kuuchomelea tena ukiwa mtupu. Wapo wanaouondoa kabisa na kuacha bomba wazi. Wapo pia wanaonunua mtungi mfupi ulioigwa kutoka pikipiki za mashindano. Swali la makala haya ni moja: je, mwendeshaji hupata nini, na hupoteza nini?

2.0 Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, ni muhimu kukubaliana kuhusu maneno. Katika karakana za jua kali, mfumo mzima wa kutoa moshi huitwa ekzosi, na wakati mwingine neno hilo hilo hutumiwa kwa mtungi wa nyuma peke yake. Wengine huuita mtungi huo sailensa. Mkanganyiko huu si wa lugha tu. Mteja anayesema "nitengenezee ekzosi" huenda ana maana ya gasketi inayovuja kwenye kichwa cha injini, ilhali fundi akaelewa kwamba mtungi unahitaji kukatwa.

Katika makala haya, bomba la moshi ni mfumo mzima. Shingo ni bomba jembamba litokalo kwenye injini. Sailensa ni mtungi wa nyuma unaotuliza sauti. Kiwambo ni bati lililochomelewa ndani ya sailensa kuigawa katika vyumba. Desibeli ni kizio cha ukali wa sauti. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Maneno haya yote yamo tayari katika vinywa vya watu au katika vitabu vya shule, na hakuna haja ya kuyabuni upya. Lililokosekana ni kuyapa mipaka.

3.0 Chanzo cha Kelele

Injini nyingi za bodaboda ni za mipigo minne na silinda moja. Katika mizunguko miwili ya kitete cha injini, mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa ndani, hushindiliwa, huwashwa na plagi, kisha mabaki yake husukumwa nje. Vali ya moshi hufunguka wakati gesi ndani ya silinda bado ina joto jingi na shinikizo kubwa kuliko hewa ya nje. Gesi hiyo hufyatuka kwenye shingo kwa ghafla. Mfyatuko huo ndio kelele.

Ni vyema kutofautisha vitu viwili vinavyosafiri ndani ya bomba kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni gesi yenyewe, inayotiririka kama maji mferejini. Cha pili ni wimbi la shinikizo linalokimbia ndani ya gesi hiyo, kama kiwimbi kinavyopita juu ya maji ya mfereji huo huo. Wimbi huenda kasi kuliko gesi. Katika hewa ya kawaida sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, lakini katika moshi wenye joto la nyuzi 350 hivi za Selsiasi kasi hiyo hufika mita 500. Gesi inapaswa kutoka nje bila kuzuiwa, ilhali wimbi linapaswa kunaswa ndani. Kazi yote ya sailensa imo katika tofauti hii: kuachia kimoja na kukizuia kingine.

Tuchukue mfano. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huzunguka mara 100 kwa sekunde. Kwa kuwa huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, hutoa mifyatuko 50 kwa sekunde. Sauti yake ya msingi basi ni hezi 50, nayo ni sauti nzito. Juu ya sauti hiyo ya msingi hupanda sauti nyingine nyembamba zaidi, za hezi 100, 150, 200 na kuendelea, pamoja na mfoko wa gesi ambao hauna noti maalumu. Sikio la binadamu huudhika zaidi na hizo za juu, lakini zile za chini ndizo zinazopenya kuta na kusafiri mbali usiku.

4.0 Jinsi Sailensa Inavyotuliza Sauti

Sailensa hutumia njia tatu, na nyingi za kiwandani huzichanganya.

4.1 Vyumba

Wimbi linapotoka katika bomba jembamba na kuingia ghafla katika chumba kipana, sehemu yake hurudi lilikotoka. Likitoka chumbani kuingia tena bomba jembamba, sehemu nyingine hurudi. Kadiri chumba kinavyozidi bomba kwa upana, ndivyo sauti nyingi zaidi inavyonaswa. Hesabu za fizikia zinaonyesha kwamba chumba kimoja chenye kipenyo mara tatu ya bomba, yaani eneo mara tisa, kinaweza kupunguza takriban desibeli 13 kwa noti kinazozipenda zaidi. Kipenyo kikiwa mara nne, upungufu hufika desibeli 18.

Hata hivyo, chumba huchagua. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti ambayo robo ya urefu wa wimbi lake inalingana na urefu wa chumba. Kwa kasi ya mita 500 kwa sekunde, wimbi la hezi 250 lina urefu wa mita 2, na robo yake ni nusu mita, urefu unaotosha kwenye pikipiki. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita 10, na robo yake ni mita mbili na nusu, urefu unaopita ule wa pikipiki yenyewe. Kwa sauti hiyo nzito, chumba kile kile cha nusu mita chenye kipenyo mara tatu hupunguza chini ya desibeli 5 tu.

4.2 Pamba

Njia ya pili ni kupitisha moshi katika bomba lenye matundu mengi lililozungukwa na pamba ya kioo au nyuzi za chuma. Wimbi huingia kwenye nyuzi, husuguana nazo, na nishati yake hugeuka joto. Gesi huendelea moja kwa moja bila kikwazo. Njia hii huzimaliza sauti nyembamba lakini haiwezi sana sauti nzito. Ndiyo sababu mitungi ya mtindo wa mashindano, hata ikiwa na pamba mpya, huwa na ngurumo. Pamba nayo huungua na kupeperuka kidogo kidogo, na asiyeibadilisha hubaki na bomba lenye matundu ndani ya mtungi mtupu.

4.3 Kibuyu

Njia ya tatu inaeleweka na yeyote aliyewahi kupuliza mdomo wa kibuyu au chupa. Chombo hicho hutoa noti moja. Chombo cha aina hiyo kikiunganishwa ubavuni mwa bomba la moshi, huimeza noti ile ile badala ya kuitoa. Kanuni zake zilifafanuliwa katika karne ya 19 na mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz. Tumbo likiwa kubwa, noti huwa nzito. Shingo ikiwa ndefu, noti huwa nzito. Shingo ikiwa pana, noti huwa nyembamba.

Kwa mfano, kibuyu cha bati chenye ujazo wa lita moja, shingo ya urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita moja na nusu, katika moshi wa joto tulilolitaja, humeza sauti ya takriban hezi 100. Ili kufikia hezi 50, tumbo lazima liongezwe mara nne, yaani lita nne. Viwanda huficha vyumba vya namna hii ndani ya mtungi, na macho ya mtu aliyeukata huona chumba kilichozibwa upande mmoja kana kwamba ni kosa la mtengenezaji. Chumba hicho hakikusahauliwa wazi. Hicho ndicho kibuyu.

5.0 Je, Kelele ni Nguvu?

Imani kwamba sailensa huizuia injini kupumua ina chembe ya ukweli. Sailensa iliyoziba kwa masizi au kutu huongeza mkinzano, na injini lazima itumie sehemu ya nguvu zake kuusukuma moshi nje. Pikipiki za mashindano zina mabomba yaliyo wazi zaidi kwa sababu injini zake huzunguka kwa kasi kubwa na kutoa moshi mwingi mno. Kosa ni kuihamisha kanuni hiyo katika injini ya bodaboda bila kuitazama injini yenyewe.

Kwa injini ya sentimita 145 za ujazo, kama ile ya Bajaj Boxer iliyoenea nchini, kikomo cha nguvu huwekwa na mambo mengi: ukubwa wa kabureta, umbo la kemu inayofungua vali, kichujio cha hewa na kiwango cha kushindilia. Kiwanda kimepanga vitu hivi vilingane. Ukifungua mlango wa kutokea bila kupanua ule wa kuingilia, ongezeko la nguvu, likiwepo, huwa dogo, na hupatikana karibu na kilele cha mizunguko ya injini. Mwendeshaji aliyebeba magunia mawili kupanda njia ya udongo hayuko huko kileleni. Anahitaji mvuto katika mizunguko ya kati, na hapo ndipo bomba lililokatwa hovyo humwangusha.

Sababu ni wimbi lile lile tulilolieleza. Wimbi la shinikizo linapofika mwisho wa bomba ulio wazi, hurudi likiwa limegeuka, kutoka wimbi la kusukuma kuwa wimbi la kuvuta. Likirudi kwenye injini kwa wakati ufaao, pale vali ya moshi inapokaribia kufungwa na vali ya hewa imeanza kufunguka, huvuta mabaki ya moshi nje na kukaribisha hewa mpya. Likirudi kwa wakati usiofaa, huvuruga kazi hiyo. Wakati wa kurudi hutegemea urefu wa bomba. Mwenye kulikata bomba kwa nusu amebadilisha saa ya injini bila kuitazama.

Kuna usemi mwingine katika karakana kwamba injini huhitaji mkinzano ili ifanye kazi vyema. Usemi huu pia unahitaji kusahihishwa. Hakuna injini inayonufaika na mkinzano wenyewe. Inachohitaji injini ni wimbi linalorudi kwa wakati na mtiririko wa gesi wenye kasi. Fundi anayeondoa sailensa huona mvuto umepungua, akahitimisha kwamba mkinzano ndio uliokuwa ukisaidia, ilhali kilichopotea ni mpangilio wa mawimbi.

Injini za mipigo miwili, zilizokuwa zikionekana zaidi nchini katika miongo iliyopita, zilionyesha ukweli huu kwa uwazi mkubwa. Injini hizo hazina vali za aina tuliyoieleza, na bomba la moshi ni sehemu ya injini yenyewe. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki, aliunda bomba lenye tumbo lililopanuka na kusinyaa ili wimbi lirudishe petroli iliyotaka kuponyoka. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea upande wa Magharibi na kuyapeleka maarifa hayo kwa kampuni ya Suzuki ya Japani. Umbo la bomba lilikuwa siri yenye thamani ya ushindi wa dunia. Hakuna ambaye angeipigania siri hiyo kama nguvu zingepatikana kwa kulitoboa bomba tu.

Athari ya mwisho ni ya petroli. Kabureta hupima petroli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Bomba likibadilika na hewa zaidi ikaingia katika baadhi ya mizunguko, jeti haibadiliki yenyewe. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli kidogo, joto la injini hupanda, na ncha ya plagi hugeuka nyeupe badala ya kahawia. Milipuko inayosikika mwendeshaji anapoachilia kasi, ambayo vijana huifurahia, ni petroli isiyoungua inayokutana na hewa ndani ya bomba na kuwaka huko. Petroli hiyo imenunuliwa, na haikuisukuma pikipiki hata hatua moja. Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwa na pikipiki akilini, lakini mtungi uliotolewa viwambo ni debe tupu kwa maana ya kawaida kabisa.

6.0 Marekebisho Yanayofaa

Sio kila marekebisho ni maovu. Sailensa za pikipiki huoza. Kuungua kwa lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji kama mvuke, na katika safari fupi fupi za bodaboda mtungi haupati joto la kutosha kuukausha. Maji hukaa chini na bati huliwa na kutu kutoka ndani. Mwendeshaji ambaye mtungi wake umetoboka na ambaye hana fedha za kununua mwingine wa asili atakwenda kwa fundi, na fundi huyo anastahili mwongozo badala ya lawama. Mambo yafuatayo yanaweza kumfaa.

Kwanza, shingo ibaki na urefu na upana wake wa asili, na gasketi kwenye kichwa cha injini iwe nzima. Uvujaji mdogo hapo huongeza mlio mkali na huingiza hewa inayosababisha milipuko.

Pili, ujazo wa mtungi usipunguzwe. Mtungi mfupi wa mapambo hauwezi kutuliza sauti nzito hata ukijazwa pamba bora, kwa sababu tulizokwisha kuziona. Nafasi ikiruhusu, mtungi mpana ni bora kuliko mrefu.

Tatu, palipo na viwambo, gesi ipite katika mabomba yenye matundu ambayo jumla ya eneo lake inazidi eneo la shingo. Shingo yenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 ina eneo la takriban milimita 491 za mraba. Tundu la milimita 4 lina eneo la karibu milimita 12.6 za mraba. Matundu 40 yanalingana na shingo kwa hesabu, lakini gesi hupita kwa shida katika matundu madogo kuliko katika bomba moja, hivyo matundu 60 hadi 80 ni kadiri nzuri. Huu ndio usawa unaotafutwa: matundu mengi hupunguza mkinzano, na viwambo huendelea kulinasa wimbi.

Nne, penye pamba, itumiwe pamba ya kioo inayostahimili joto, na kati ya pamba na bomba lenye matundu iwekwe tabaka la nyuzi za chuma ili pamba isipeperushwe. Mtungi ufungwe kwa skrubu upande mmoja ili pamba iweze kubadilishwa.

Tano, kitundu kidogo kilicho chini ya mtungi kisizibwe. Kazi yake ni kutoa maji.

Sita, baada ya kazi fundi apime. Utaratibu wa kimataifa wa kupima pikipiki iliyosimama ni rahisi: kipima sauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, na injini huzungushwa kwa nusu ya mizunguko ya nguvu zake za juu ikiwa mizunguko hiyo inazidi 5,000 kwa dakika. Programu za simu za kupima sauti haziaminiki kwa hukumu ya kisheria, lakini simu moja, mahali pale pale, kabla na baada ya kazi, hutosha kumwonyesha fundi kama amesogea mbele au amerudi nyuma. Ncha ya plagi nayo ichunguzwe baada ya siku chache za kazi.

7.0 Sikio, Ujirani na Sheria

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 3 ni maradufu ya nishati ya sauti. Ongezeko la 10 ni mara kumi ya nishati, na sikio hulihisi kuwa kama maradufu ya ukali. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hupendekeza mfanyakazi asizidi saa nane katika desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu: saa nne kwa 88, saa mbili kwa 91, saa moja kwa 94. Mwendeshaji wa bodaboda hukaa juu ya chanzo cha kelele kutwa nzima. Abiria hushuka, jirani hufunga dirisha, lakini yeye habanduki. Kupoteza usikivu kwa njia hii hakuna maumivu na hakuna tiba ya kuurejesha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhusu majirani, tuchukulie pikipiki inayotoa desibeli 100 kwa umbali wa nusu mita. Mahali palipo wazi, sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Katika mita moja ni 94, mita nne ni 82, mita 16 ni 70, na katika mita 64 bado ni 58. Kanuni za Kenya kuhusu uchafuzi wa kelele zilizochapishwa mwaka 2009 ziliweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi, na 40 mchana na 35 usiku katika maeneo ya utulivu. Viwango hivyo ni vya wastani wa muda mrefu, kwa hiyo pikipiki moja inayopita haivivunji papo hapo. Lakini mgonjwa aliyelazwa au mtoto aliyelala haamshwi na wastani. Huamshwa na mlio mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa kanda ya Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45, likizingatia usingizi na maradhi ya moyo.

Kanuni za 2009 zilihusisha pia magari, zikikataza sauti inayozidi desibeli 84 chombo kinapoongeza kasi, na kanuni za trafiki zimetaka chombo cha moto kiwe na sailensa inayofanya kazi. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Kwa hiyo suala la Matuu ni la Machakos kabla ya kuwa la Nairobi.

Inafaa kuijibu pia hoja ya usalama. Waendeshaji husema kwamba bomba lenye kelele huwaonya madereva. Mdomo wa bomba hutazama nyuma, na sauti kali zaidi huelekea huko. Dereva wa lori anayekuja kutoka mbele, ambaye ndiye hatari kubwa katika barabara ya kwenda Garissa, huisikia mwisho. Taa inayowaka mchana, koti linalong'aa na honi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mvutano kati ya sauti na nguvu si wa lazima. Gesi na wimbi ni vitu viwili, na sailensa iliyoundwa vyema huachia cha kwanza na kukinasa cha pili. Kwa injini ndogo ya bodaboda, kuitupa sailensa huleta faida ndogo mahali isipohitajika, na hasara katika mvuto, petroli na masikio.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwa vyuo vya ufundi na vyama vya waendeshaji: mafunzo ya siku moja kuhusu viwambo, matundu na pamba yatasaidia kuliko msako wa polisi unaowaacha waendeshaji na faini pamoja na bomba lile lile. La pili ni kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini fundi wa Matuu hana mwongozo wa sailensa ulioandikwa kwa lugha hiyo. Maneno anayo: shingo, kiwambo, jeti, kemu, pamba. Kinachohitajika ni watu watakaokaa naye karakanani, wayasikilize anavyoyatumia, wayawekee fasili na kumrudishia yakiwa katika sentensi zinazofundisha. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari, na subira ya kungoja grainda izimwe ndipo maswali yaulizwe.